Kilio Yenye Hatukukaa

Baba,

Niko naandika nikiketi ku kiti yako ya mikono, ile yenye ulikuwa unakatazaka batoto kugusa. Usinikasirikie. Sitakuuliza habari ya huko, juu ulituambiaka maisha yote kama huko ni kuzuri, na miye nilikuamini. Huku njo kuko na maneno.

Butembo iko tu Butembo. Vumbi wakati ya jua, matope wakati ya mvua, moto kila fasi. Bado basoldats njo banatawala. Redio inasema usalama inarudia Beni, inarudia Lubero, kisha tunaona batu banashuka ku njia ya Manguredjipa na magodoro ku kichwa. Kanisa ilibapa madarasa ya masomo. Darasa yangu nayo ilienda. Leo nafundisha batoto inje chini ya shiti ya plastiki, na mama mumoja anaitwa Kavira analala na batoto wake pale tableau yangu ya kuandikia inatundikwa. Ni mama wa kunyamaza sana. Tunasalimiana asubui, anaondoa vyungu ku mulango ili nichukue chaki yangu, basi.

Usifikiri nilibadilika. Balinichagua shemasi kisha weye kuenda, na nilibaki vile ulinifundisha. Kabla ya uchaguzi mukubwa, mumoja mwenye kutafuta kura alikuja na mifuko ya simenti juu ya ukuta wa kanisa, anaomba apewe mimbara dakika kidogo tu. Nilisema simenti tutapokea kama ni sadaka, mimbara hapana. Alirudia na simenti yake. Ukuta iko vile uliiacha, na najua ungecheka ile cheko yako ya mu pua.

Na bado tunaomba juu ya bakubwa ya inchi, jina kwa jina, hata bale benye hatubapendi. Mais hakuna mwenye anaomba murefu kama weye. Unakumbuka ile asubui ulianza na prezida, ukashuka mpaka kwa chef de quartier wa mutaa yetu, na maharagi ikaungua ku moto? Mama alisema hii serikali yako inakula chakula yetu hata bila kuingia mu nyumba. Tulicheka mpaka weye mwenyewe ukashindwa kusema amina. Nakukumbuka sana, Baba. Kuko siku naamka nikifikiri nimesikia unakohoa.

Sasa niseme ya Mbusa, mutoto yako wa mwisho, juu ni yeye njo amefanya nishike bic niandike.

Unajua kengele yetu, ile jante, chuma ya gurudumu ya camion, yenye inaningʼinia ku muti ya avoka. Ikipigwa haraka ni ibada. Ikipigwa polepole, na kunyamaza katikati, ni kilio, mutu amekufa, kila mutu aache kazi aje. Na ile ya kilio haipigwe bila neno ya bazee. Weye njo uliweka ile sheria wakati ulikuwa kati ya bazee, na hakuna mwenye aliivunja mpaka mutoto yako.

Ilikuwa katikati ya juma. Habari ilifika kama kule upande ya Manguredjipa adui aliingia mu mashamba akaua balimaji. Bijana bakatangaza ville morte, muji yote isimame. Maduka ikafungwa, masomo ikafungwa, bengine bakaanza kuchoma matairi ku barabara ya Beni. Bakapanga kutembea mpaka ku mairie, ku biro ya meya, kuuliza jeshi iko wapi. Mbusa alikuwa kati yao. Unamujua, mupole ku nyumba, pilipili inje. Akaenda ku kanisa, akashika chuma, akapiga jante. Polepole.

Bamama ya kanisa bakasikia kilio. Bakaacha sombe, majani ya muhogo, ku kinu, bakavaa vile vitenge vyao vya bleu vya kanisa, bakatoka bila kuuliza ni nani amekufa, juu ile banauliza kisha kufika. Mu njia bakakuta kundi ya bijana, bakafikiri nabo banaenda ku kilio. Bakaanza nyimbo za mazishi. Donc ikakuwa hivi: bamama mbele, bijana nyuma, na matairi ikazimwa, juu nani atachoma tairi mbele ya mama yake? Hadji wa duka ya vitenge alifungua mulango akabapa maji. Ku rond-point, pale barabara zinakutana, polisi balikuwa bamesimama na bunduki. Bamama, kwa kuona bunduki, bakapiga magoti chini bakaomba. Njo kitu banajua. Polisi mumoja akavua kofia. Hakuna mutu aliumia, Baba, na namushukuru Mungu hata leo.

Mais kesho yake muji yote ilisema kanisa yetu imeingia mu politique.

Mchungaji aliita bazee na bashemasi. Tulikaa siku nzima, na siku ingine tena. Bamama balisamehewa, juu balidanganyika. Mbusa akaitwa. Bakamuuliza sababu gani alipiga ya kilio kama alikuwa anaita batu ku maandamano. Hakupandisha sauti. Alisema, "Batu balikufa. Njo nilipiga ya kilio."

Mzee mumoja akaangalia meza. Mwingine akasema mutoto wa ile nyumba hakupashwa kufanya vile. Kisha bote bakaniangalia miye.

Nilinyoosha mukono, Baba. Miye dada yake, mwenye nilimubeba ku mugongo wakati Mama alikuwa mugonjwa. Nilisema awekwe inje ya Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Sikusema kwa hasira. Kengele ya Mungu haiite maandamano. Kama leo inaita ya bijana bazuri, kesho itaita ya mwenye simenti, na kesho kutwa ya mwenye bunduki. Nilisadiki vile, nasadiki vile hata sasa. Mbusa alisema tu, "Yaya Masika, nimesikia." Ile ilinikata kuliko kama angenitukana.

Siku ya Meza ikafika. Unakumbuka desturi: benye kuwa chini ya nidhamu banaketi ku banki ya nyuma kabisa, na sahani ya mukate inapita juu ya vichwa vyao. Miye njo nilikuwa na sahani. Nilitoka kwa Mchungaji, nikageuka, na banki za mbele upande ya banamuke zilikuwa wazi. Zote. Bamama balikuwa nyuma na Mbusa, bamebanana kama ndizi mu kitunga, mu vitenge vyao vya bleu. Hakuna mwenye alibaita. Mwenye kukosa fasi alisimama ku ukuta.

Nilienda mpaka pale. Mbusa akainamisha kichwa ili sahani ipite muzuri, vile ulimufundisha akiwa mudogo kuinama mukubwa akipita. Mukono yangu ikakataa. Sikumupatia, juu neno ya baraza ni neno. Na sikupitisha. Nilisimama. Kisha nikarudisha sahani yote nzima ku meza, nikaifunika na kile kitambaa cheupe, nikamwambia Mchungaji kwa sauti ya chini kama nyumba yenye iko hivi haiwezi kula. Hakubisha. Alitubariki, tukaenda na njaa.

Ile siku sikupika. Niliketi hapa ku kiti yako nikikasirikia kila mutu: bamama, Mbusa, basoldats, na weye pia kidogo, juu ulikufa ukaniachia sheria zako. Nikajiuliza bamama balitaka kusema nini. Bo bamama si batu ya politique, hata redio habasikie. Njo nikaona. Bo bado balikuwa ku kilio. Kengele ililia, bakatoka, na hakuna mwenye alibaambia ni nani amekufa. Sisi baraza tulikaa mara mbili juu ya mwenye alipiga. Juu ya benye balikufa hatukukaa hata mara moja. Sikujua hata jina moja.

Nikaenda ku masomo. Kavira alikuwa anachagua maharagi mbele ya mulango. Nikamusalimia, nikaketi ku jiwe, nikamuuliza kama, juu alitoka upande ile, anajua majina ya balimaji benye baliuawa.

Akaendelea kuchagua. Alisema, "Mwalimu, miye nalala mu darasa yako tangu ile juma. Unauliza leo?"

Bwana yake alikuwa kati yao. Alikuwa anaitwa Kakule. Alilima kakao, aliimba bass mu korali ya kwao, alikufa na panga ya kazi mu mukono. Batu balimufunika haraka bakakimbia. Hakuna mwenye aliketi na Kavira mu kilio, hata siku moja, na miye nilikuwa napita juu ya vyungu vyake kila asubui kuchukua chaki. Nililia pale ku jiwe. Yeye hapana. Aliniletea maji.

Baba, nakuandikia ujue yenye nitafanya, usisikie kwa bengine. Nidhamu ya Mbusa itabaki mpaka Pasaka, hata yeye hakuniomba nipunguze. Tutaheshimu bakubwa na tutaomba juu yao. Mais nitabaomba bazee tusitandike Meza kabla ya kukaa ile kilio, na tukiomba, tuseme wazi mbele ya Mungu kama upanga yenye alibapa bakubwa ni ya kulinda mulimaji, na mulimaji alikufa. Sijui kama ungenyoosha mukono na miye. Nafikiri ungekohoa kwanza, kisha ungenyoosha.

Lala muzuri, Baba yangu. Usalimie Mama. Na kama kule batu banajuana, tafuta mwanaume wa korali, wa sauti nzito, wa mikono ya kakao, umwambie tumechelewa. Nakuahidi: bazee bakubali ao bakatae, siku ya Mungu ya juma yenye inakuja nitasimama niseme jina ya Kakule mu kanisa. Kisha nitaenda kuketi chini na mujane wake.

Mutoto yako,
Masika