Swali la Pikipiki Kwenye Fomu Yako

Mjukuu wangu Vero,

Marahaba, na bibi yako naye anaitikia. Mpunga tumevuna, na goti langu linalalamika kuliko mimi.

Unauliza, kwenye fomu ya ile kazi ya kutembelea wakulima, useme wewe ni “able to” kuendesha pikipiki, au “good at”, au “capable of”. Kwa Kiingereza changu cha ualimu, la kwanza ni kwamba unaweza, la pili kwamba unafanya vizuri, la tatu kwamba uwezo unao hata kama hujawahi kufanya. Hilo la mwisho silipendi. Hata mwizi huelezwa hivyo kabla hajaiba. Ila kilichonitia shaka zaidi ni swali lako lenyewe.

Nilipokuwa mwalimu mpya nikienda Lupiro, mto ulikuwa umefurika. Pale Kivukoni mzee mwenye mtumbwi akaniuliza, “Mwalimu, kuogelea unaweza?”

“Naweza vizuri kabisa, mzee. Tena uwezo ninao mkubwa.”

Akaacha kufunga mizigo. “Nimekuuliza neno moja, umenijibu kumi. Shuka.”

Nikakiri kwamba sijui. Akacheka, akanifunga dumu tupu kifuani, tukavuka. “Sasa najua nani wa kumwangalia,” akasema.

Vero, anayejua pikipiki hahangaiki kuchagua maneno. Wakikutuma Masagati, ile njia mbovu haitasoma fomu. Mjomba wako anayo pikipiki, na fomu inafungwa mwisho wa mwezi. Njoo Jumamosi ujifunze. Nimekubali kukaa nyuma yako. Bibi yako amekataa.

Babu yako,
Ifakara