Kijana wa Bango Sokoni

Jumanne, Mpui

Na viatu vyake vilikuwa vyeupe, havijawahi kukanyaga shamba. Kijana yule mwenye bango la tabianchi alinisimamisha leo sokoni Sumbawanga, akaniamkia, kisha akaanza kunifundisha habari za mvua. Mimi, niliyelima mahindi tangu hajazaliwa.

“Mama, misimu imebadilika,” akasema.

“Umewahi kushika jembe?”

Akacheka tu, mpuuzi yule. Akauliza mvua ya kwetu mwaka huu ikoje.

“Nzuri,” nikamjibu, nikaondoka zangu.

Nilidanganya. Kikapuni nilikuwa na mbegu za kupanda upya, maana za kwanza zote zimekauka ardhini. Hizi nazo zikikauka, sijui tutakula nini.

Lakini yule hakustahili kusikia hayo kutoka kwangu.