Mzee Mizani na Meza ya Jumamosi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile asubuhi ulipotutoka ukiwa umelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama ulivyolala maisha yako yote. Wenzangu wamenipa kalamu mimi, kifungua mimba wako, kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe karibu zaidi siku za mwisho. Nimekubali. Lakini kuna jambo nimelificha muda wote huo, na leo nitalisema mbele ya watu. Utanisamehe.

Kwanza shukrani. Ulitengeneza mizani kwa miaka thelathini na saba. Kwenye maduka ya nafaka, mabucha na zahanati walikuita Mzee Mizani, na sisi tukawa watoto wa Mizani hata kwa walimu wetu. Chumba chako cha kazi kilinuka mafuta ya mashine. Jiwe la kilo hukulishika kamwe kwa mkono mtupu, ulilishika kwa kitambaa, ukisema jasho nalo lina uzito. Tulikucheka sana. Leo mdogo wangu wa kiume ndiye mwenye kitambaa hicho, na anawafokea wanawe vilevile.

Asante kwa kumchana Mama nywele mwezi mzima alipovunjika mkono. Ulizisuka vibaya, naye akatoka nazo hivyohivyo.

Ila mtaani hukujulikana kwa mizani peke yake, ulijulikana kwa Jumamosi. Saa saba mchana ulivaa shati la mikono mirefu, ukatoka na marafiki zako watatu, yaani mwalimu mstaafu, kinyozi na mama fundi cherehani, mkatafute mgahawa au duka la mikate ambalo hamjawahi kulikanyaga. Hamkutaka mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Mlitaka vijumba vya viti vichache, ambako mpishi ndiye huyohuyo anayefuta meza. Mama aliwahi kukuuliza kama chakula chake kina sumu. Ukamjibu kwamba chakula chake hakina mpinzani, ndiyo maana hukipeleki mashindanoni. Mama akakupa mwavuli.

Meza yenu ilikuwa na sheria zake. Kila mtu aliagiza kitu tofauti, kisha sahani zikazunguka mpaka kila mmoja aonje cha mwenzake. Wa kwanza kutoa hukumu ulikuwa wewe, kwa kuwa ndiwe uliyeanzisha safari hizo. Na chakula kikiwa na kasoro, aliambiwa mpishi mwenyewe, taratibu, kabla hamjaondoka. Ubaya wa chakula mwambie mpishi, uzuri wake mwambie jirani, ndivyo ulivyopenda kusema.

Kisha ukaugua. Dawa zilikupa nafuu, lakini zikakunyang'anya ladha yote. Uliniita kwenye chumba chako cha kazi, ukafunga mlango, ukaniambia kwamba kila unachokula ni kama unatafuna karatasi. Nikakushauri uwaeleze rafiki zako, wataelewa. Ukakataa katakata.

“Wakijua watanihurumia,” ulisema. “Na wakishaanza kunihurumia, ile meza imekufa. Wataniletea uji nyumbani, wakae wanitazame ninavyokunywa.”

Sikuwahi kukuona ukiogopa kitu, Baba. Siku hiyo nilikuona. Basi tukapanga: nitakusindikiza, kwa kisingizio kwamba daktari hataki utoke bila mtu wa nyumbani. Nitaonja kabla yako, na chini ya meza nitakugonga goti. Mara moja, chakula ni kizuri. Mara mbili, chumvi imezidi. Mara tatu, hakijaiva. Mpango ulifanya kazi. Ulitoa hukumu kwa madaha kuliko zamani, na siku moja ulimweleza mpishi wa supu habari ndefu za pilipili manga ambayo haikuwemo kabisa kwenye sufuria yake, nikakukanyaga mguu.

Hadi ikaja Jumamosi ya keki.

Dada mmoja alikuwa amefungua duka la mikate mkabala na posta, na hiyo ilikuwa siku yake ya pili ya biashara. Tulipokaa tu, bosi wangu akanipigia simu, nikatoka nje kuipokea. Keki ililetwa nikiwa hukohuko. Hukuweza kunisubiri, kwa maana wenzako walikuwa wanakutazama, na yule dada amesimama hapo na trei kifuani. Ukaonja. Ukafumba macho. Ukatamka kwamba ndiyo keki bora kuliko zote ulizokula mwaka ule.

Niliporudi mlikuwa mnamalizia. Nikamega kwenye kipande chako. Baba, ilikuwa chumvi tupu. Yule dada alikuwa amechanganya makopo, akatia chumvi mahali pa sukari. Nikawatazama wenzako. Mwalimu alikuwa anatafuna polepole, machozi yanamlengalenga. Kinyozi alisema, na hakudanganya, kwamba hajawahi kula kitu kama hiki. Mama fundi cherehani aliomba maji kwa mara ya tatu, kisha akaomba kipande kingine. Hakuna aliyebakisha hata chembe.

Wakati wewe ukimpa yule dada mkono wa pongezi, nilimfuata mwalimu nje. Nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza habari za dawa na ulimi wako. Akanikatiza.

“Tunajua tangu mwezi wa pili, mwanangu. Wewe ulikuwa unagonga goti lake, lakini meza nzima ilikuwa inatikisika. Kwani unadhani sisi tulikuwa tunafuata keki?”

Jumatatu mama fundi cherehani alirudi dukani peke yake, akamnong'oneza yule dada habari za makopo, maana sheria ni sheria. Mimi aliniambia kwamba siku ile alikula chumvi ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja.

Mimi sikukwambia. Niliogopa kwamba ukijua wanajua, utaacha kwenda, na kuacha kwenda kungekumaliza kabla ya ugonjwa. Mkaendelea, Jumamosi kumi na moja zaidi, mimi nikigonga goti, wewe ukihukumu, wao wakiitikia. Hilo ndilo nililokuficha, Baba. Walijua, na walikuja kila wiki.

Jana nilimsomea Mama maandishi haya hadi hapo juu, nikitegemea atalia. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba siku ile ya keki ulirudi nyumbani, ukaketi kitandani hujavua hata viatu, ukamsimulia jinsi ulivyomwona mwalimu akitokwa na machozi juu ya sahani, na jinsi hakuna mtu aliyesema neno.

“Leo nimewalisha kitu kibaya, nao wamekimaliza chote,” ulimwambia. “Mke wangu, mimi nina watu.”

Kumbe ulijua. Na Jumamosi iliyofuata ulinigongea mlango saa sita na nusu, shati limepigwa pasi, ukaniuliza kama niko tayari, kwa kuwa huwezi kwenda bila mimi. Mwaka mzima huu nimeamini ulisema hivyo kwa ajili ya ulimi wako.

Asante, Baba, kwa zile Jumamosi kumi na moja.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakwe zako na wajukuu wako sita. Unakumbukwa pia na mwalimu, kinyozi na mama fundi cherehani, ambao tumewaandika hapa pamoja na ndugu kwa sababu ndivyo walivyo. Hututoki moyoni, leo na siku zote.