Doa Jekundu Nyuma ya Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo wahamiaji wa utafiti wangu wamechora mtaa wao kwa kalamu za rangi. Kijani: unapojisikia nyumbani. Nyekundu: ukiumwa unakimbilia wapi. Nilidhani nyekundu itaangukia hospitali. Wapi! Zote nyuma ya duka la fundi viatu — chumbani kwa Mama Sindano, muuguzi mstaafu anayetibu wasio na vibali. Dada mmoja kapaka na kijani juu yake. Machozi yalinitoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunganisha michoro yote, imekuwa ramani moja. Majina nimefuta. Profesa anayenisimamia kaichangamkia, kaituma kwa wafadhili wa utafiti papo hapo. Nimevimba kichwa siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu! Wafadhili wameiweka mtandaoni. Majina nilifuta — mlango nikauacha! Vichochoro vipo, kona ya fundi viatu ipo, na doa jekundu hilo hapo. Maafisa wa uhamiaji wana haja gani ya jina? Wakae tu nje wasubiri wagonjwa. Nimempigia Profesa aiondoe. Ati nisikuze mambo, nani anahangaika na ramani za wasomi? Nikamkatia simu. Mjinga yeye, na mimi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimekimbia kwa Mama Sindano, nikamweleza yote. Nikamsihi: mama, funga, hama leo leo! Akaniuliza ahame na huyu amweke wapi — kitandani binti ana uchungu wa uzazi tangu alfajiri. Hospitali hataki hata kuisikia, anaogopa kukamatwa. Sikupata hata tusi. Heri angenitukana! Akanikabidhi mlango niulinde.

Mchana. Naandika nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni. Kuna mtu anabisha. Sauti ya mwanamke, ya chini. Mwanawe anawaka homa, hana anayemjua hapa, ameona ramani kwenye simu. Lakini mtoto simsikii! Na afisa si angesema hayo hayo?

Nimemuuliza Mama Sindano tufanyeje. Hata hakugeuka, kichwa cha kichanga kimeanza kuonekana. Kasema huyo ni mgeni wangu, nimemwita mwenyewe kwa ramani yangu. Nimfungulie au nimfukuze, ila nisimwache amesimama juani.

Anabisha tena. Safari hii chini, usawa wa bega langu. Taratibu. Kiganja cha mtoto — au mtu mzima kachuchumaa?

Mkono wangu uko kwenye komeo.