Hereni Nyeupe ya Mama

Jumapili, 1 Machi

Mzunguko wetu wa bustani umeanza. Leo kwa Irma. Tulikuwa sita, keki mbili za tufaha, na maua yake ya dalia, makubwa kama sahani. Ananiudhi yule mwanamke, lakini dalia anazijua. Anasema siri ni samadi ya kondoo. Mwaka jana siri ilikuwa majivu.

Saa kumi na moja akasimama, akatangaza, "Jamani, naenda kuchemsha maji. Birika langu mnalijua, halichemki upesi." Akaingia ndani, akafunga mlango. Mikasi ikatoka mikobani! Kacha, kacha. Kipandikizi cha kupewa mkononi hakishiki, kila mtu hapa anajua. Cha kuiba ndicho kinachoota. Na ukishukuru, umeshakiua. Mimi nilijichukulia vijiti vitatu vya hotensia ya bluu. Irma aliporudi na birika alitukuta tumetulia kama wanakwaya.

Wakati wa kuagana wakakumbushana zamu. Jumapili ya mwisho wa mwezi ni kwangu. "Tunakuja kuiona Hereni Nyeupe," akasema Uberlinda. Nikasema karibuni sana.

Hereni Nyeupe, ule mmea wa Mama, imekufa. Ilikufa Julai. Haya, nimeliandika. Hakuna mwingine anayejua.

Jumanne, 3 Machi

Nimeanza kusema, basi niseme yote. Mama aliileta kutoka kisiwa cha Chiloé ndani ya mkebe wa kahawa. Aliiiba uani kwa padri wakati padri yuko kwenye kitubio! Hereni zote za mji huu ni nyekundu. Yake ilikuwa nyeupe tupu, maua yakining'inia mpaka karibu na udongo. Mama hayupo mwaka wa ishirini na mbili sasa. Lakini kila Machi mimi nilikuwa naye uani.

Ikaja jalidi ya Julai, baridi ya kugandisha umande, siku nne mfululizo. Niliifunika gunia, juu ya gunia blanketi. Septemba nikakwangua gome kwa ukucha: kahawia. Oktoba: kahawia. Novemba nikaacha kukwangua.

Na kosa ni langu. Zamu yangu ikifika, mimi siingii jikoni. Birika naliweka uani juu ya jiko la mkaa, nakaa palepale, nimeikodolea macho hereni kama askari wa lindo. Wenzangu wananicheka na wanaondoka mikono mitupu. Sikutaka Mama agawanywe kijiti kijiti mji mzima. Sasa hakuna hata kijiti kimoja. Mjinga mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Kwenye simu, kundi letu limechangamka. Irma katuma dalia (tena!). Uberlinda katuma yale maua yake ya rangi ya waridi yanayotoka kabla ya majani, marefu, uchi, hayana haya. Kasema kobe wa mjukuu wake kala miche yote ya saladi. Halafu: "Nolfa, mbona kimya? Hereni vipi?"

Nikatuma picha ya mwaka jana. Mungu anisamehe. Sifa zikamiminika, mioyo, vifijo. Nikaanza kujisikia vizuri. Kisha Uberlinda: "Shoga, huyo pembeni si Kapitani?"

Kapitani, mbwa wangu! Tulimzika Oktoba, Uberlinda mwenyewe alishika koleo. Nikajibu ni mbwa wa jirani.

Jirani hana mbwa.

Jumapili, 8 Machi

Leo kwa mwalimu mstaafu, mtaa wa chini. Maandazi ya boga, mazuri, nilikula matano. Alipoingia kuchemsha maji wenzangu walivamia mawaridi. Mimi nilizunguka nyuma ya banda, nyuma ya tangi, hadi kwenye mapipa ya takataka. Natafuta weupe. Labda mwaka mmoja nilipiga chafya. Labda niligeuka kumkaripia Kapitani, mtu akawahi kijiti kimoja tu.

Hakuna. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Hebu nijitazame! Nimekuwa mtu wa kuomba niwe nimeibiwa.

Jumapili, 15 Machi

IPO! Mwandiko huu sijui kama nitausoma kesho.

Leo kwa Uberlinda. Choo chake kiko ghorofani, sikuwahi kupanda huko. Nilikuwa nanawa mikono, nikachungulia dirishani, na kule nyuma ya uzio, kwenye uwanja wa jirani — nyeupe. Kichaka kizima! Kirefu kuliko mimi. Nilishika ukingo wa sinki. Nilikaa humo mpaka Uberlinda akapiga hodi: "Nolfa, ni keki yangu imekufanya hivyo?"

Jirani yake ni Celmira.

Celmira tulisoma darasa moja. Alinishonea gauni la harusi. Miaka tisa iliyopita, siku ya zamu yangu, niliona matawi yangu yametikisika na yeye kasimama karibu. Nikamnyang'anya mkoba. Nikaufungua mbele ya wote, nikaumwaga mezani. Leso, vidonge vya presha, rozari. Basi. Hapa mkoba wa mtu haufunguliwi, hata ukiona mizizi inachungulia. Akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akaenda zake. Hajarudi kwenye mzunguko. Njiani tunapishana kama nguzo mbili.

Na mimi nimejiambia miaka yote tisa kwamba aliiba. Na kumbe kweli aliiba! Sijui nicheke au nilie.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi: hasira. Mwizi yule! Aliificha wapi, kwenye soksi?

Mchana: furaha. Mama yu hai, yuko mitaa mitatu kutoka hapa, ametunzwa, amepogolewa vizuri kuliko nilivyompogoa mimi.

Jioni: hofu. Lazima niende. Kumwomba siwezi, cha kupewa hakishiki. Kwa hiyo lazima nikaibe kwa mtu niliyemwita mwizi.

Jumatano, 18 Machi

Nilikwenda. Na chupa ya jamu, na mkasi mkobani.

Alifungua mlango, akanitazama toka juu mpaka chini. "Nolfa Uribe! Miaka tisa. Umekuja kukagua mkoba?"

Nikasema nilikuwa napita. Akasema mtaa huu hauendi popote. Lakini akaniingiza uani, akaniwekea kiti — akakielekeza kwenye hereni, uso kwa uso! Yeye akakaa kando yangu. Nikangoja aende kuchemsha maji. Akainama chini ya meza akatoa chupa ya chai, imejaa, ya moto. Sukari ipo. Vikombe vipo. Mkate upo. Hana haja ya kuinuka hata mara moja. Alijipanga huyu!

Tuliongea juu ya magoti yake, bei ya kuni, mvua. Saa mbili nzima. Hereni hatukuitaja, na imening'inia hapo kama mtu wa tatu mezani. Nikiangalia pembeni, anatabasamu ndani ya kikombe. Nikaaga. "Karibu tena," akasema. "Mimi sitoki hapa."

Njiani nilimtukana kimoyomoyo mpaka kanisani. Halafu nikakumbuka nani alimfundisha kukaa hivyo. Mimi.

Ijumaa, 20 Machi

Asta zangu za zambarau zimefunguka zote kwa pamoja. Nimechuma mbegu za maharage. Nimetengeneza jamu nyingine.

Sijafanya lolote la maana.

Jumamosi, 21 Machi

Nimerudi kwa Celmira. Kiti kilekile. Chupa ileile ya chai. Nilikunywa kikombe cha kwanza, nikaona hapana, nikifika cha tatu nitaongea habari za kuni tena. Nikakiweka chini.

Nikamwambia imekufa. Jalidi. Nikamwambia nilituma picha ya zamani, na kwamba kila siku nafungua mlango wa nyuma kwa mazoea naona kisiki. Nikamwambia, "Celmira, siku ile nilikuaibisha mbele za watu. Leso yako, vidonge vyako. Nilikukosea. Ningekuja kusema hata kama usingekuwa nayo." Halafu nikasema, hapana, huo ni uongo, nisingekuja. Hapo nikaanza kulia, mzee mzima, pua na macho.

Akanipa leso. Kisha akasema, "Siku ile sikuiba."

Nikamtazama. Nikaitazama hereni.

"Sikuiba siku ile. Niliiba Jumapili iliyofuata, ulipokuwa kanisani. Kwa hasira! Nilisema kama nimeitwa mwizi basi na niwe. Nilikata vijiti sita, nikavisokomeza ardhini bila hata kumwagia maji. Vyote sita vilishika."

Akainuka. Magoti yakalia. "Ngoja nikatafute miwani yangu," akasema. Miwani ilikuwa usoni. Akaingia ndani, akafunga mlango, nikamsikia anavuta kiti na kukaa.

Nikaogopa. Nina miaka sitini na sita na sijawahi kuogopa mkasi. Nilikata kimoja. Nikasubiri. Nikakata cha pili. Nikamsikia anakohoa kule ndani, kikohozi cha mtu anayesema ongeza. Nikakata mpaka vinne, nikavifunga kwenye gazeti bichi, mkobani. Aliporudi alikihesabu kichaka kwa macho, taratibu, kisha akauliza, "Haya. Mwizi nani?"

Nikasema mimi. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nilifunga mdomo kwa nguvu nisije nikasema asante.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa, mzunguko umeahirishwa. Vijiti vinne, vikombe vinne vya mchanga. Nimevifunika chupa za plastiki. Nimevitazama mara ishirini. Ni vijiti tu.

Alhamisi, 26 Machi

Kimoja kimetupa majani. Nimekipungia mkono, kipumbavu kabisa, kama anayemuaga msafiri. Kisha jioni nimeona ncha ya kijani hapo chini. Sijui. Bado ni mapema kusema.

Jumapili, 29 Machi

Wapo uani. Wote watano, na Celmira ni wa sita. Alikuja wa kwanza kabisa, na mkoba mkubwa kuliko wa sokoni, akauweka katikati ya meza akisema, "Ukaguzi?" Irma alikaribia kuzirai.

Niliwaambia kabla hawajavua makoti. Imekufa, picha ilikuwa ya zamani. Uberlinda akanishika bega. "Shoga, tulijua tangu mbwa."

Walikwenda kukiona kisiki. Mwalimu alikigusa. Tumekula. Irma ameanza habari za samadi. Jua zuri, asta zimejaa nyuki. Nilikuwa na furaha, kusema kweli, nimekaa tu nawasikiliza wanavyobishana.

Halafu nikaleta vikombe vinne. Nikavipanga mezani kati ya keki na sukari, nikavifunua chupa. Celmira akanikazia macho.

Nikasema, "Jamani, naenda kuchemsha maji."

Nipo jikoni. Mlango nimeufunga. Naandika juu ya meza ya unga, mgongo kwa dirisha. Nasikia viti vinasogea. Wananong'ona. Kicheko cha Uberlinda. Wakichukua kimoja, sawa. Wakichukua vitatu, sawa. Wakichukua vyote — Mungu wangu. Wakichukua vyote vitakuwa kwenye nyua nne, na jalidi haitavipata vyote kwa siku moja.

Maji yamechemka zamani. Sitoki bado.