Gauni Lako Jeusi Halichomwi

Mama yangu,

Leo tumeanua tanga na wamegawa nguo zako. Nilikaa kwenye jamvi hapa uani petu Nyasubi, nikawatazama ndugu wa baba wakifungua sanduku lako la bati kama wanafungua robota la mitumba. Vitenge vilikwenda upesi. Sweta ya kahawia ikagombewa. Halafu Shangazi, dada yake baba aliyekuja kutoka Geita, akalivuta lile gauni fupi jeusi kwa ncha za vidole, akalitupa kwenye matambara. Akasema likachomwe, ni aibu ya ukoo.

Nakuandikia kwa sababu wewe peke yako ungecheka.

Unakumbuka nilivyoliona mara ya kwanza? Nilikuwa kidato cha pili, natembea na jinzi pana inayoburuza chini na fulana ya kuazima, najiona wa mjini kuliko Kahama nzima. Nililitoa sandukuni likinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, kitambaa kizito cha krimplini, vifungo vyeupe mgongoni, nikakuuliza ni la mtoto gani. Ukasema ni lako. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu sisi kimini kilikuwa kitu cha kwenye picha za zamani, nguo ya wazazi. Ukaniambia huyu baba anayekoroma kwenye kiti ndiye aliyekununulia, duka la Mhindi kule Shinyanga mjini, alipopata mshahara wake wa kwanza kwenye kiwanda cha pamba. Mlipokwenda nalo dansini, vijana wenye fimbo waliokuwa wakisaka vimini waliwakimbiza mpaka mkajificha nyuma ya magunia.

"Nyie mnafagia soko kwa suruali," ulisema. "Sisi tulikuwa tunakimbizwa."

Baba alipofariki, Shangazi alikuletea masharti. Uvae nyeusi mwaka mzima, usikanyage sokoni, na mwaka ukiisha Baba Mdogo ndiye akuvue hiyo nyeusi, akurithi wewe, mimi na meza yako ya mitumba. Hukubishana. Ulisema umesikia. Nilidhani umekubali, na nilikukasirikia kweli.

Siku ya kikao cha kupitisha masharti hayo ukatoka chumbani. Mama, nakuona mpaka leo. Gauni lile, kifungo cha juu hakifungi tena, magoti yote nje mbele ya wazee wa ukoo, na kandambili miguuni. Baba Mdogo akainamia kikombe chake cha chai. Shangazi akasema umerukwa na akili. Ukaketi, ukavuta pindo taratibu, likagoma kushuka, ukaliacha.

"Mlisema nivae nyeusi," ukawaambia. "Hii alininunulia marehemu mwenyewe. Wa kunivua ni yeye."

Kesho yake ulikuwa sokoni na kitenge chako cha kawaida, unaita wateja kama siku zote. Watu walisema weee, mpaka wakachoka. Mimi nikasoma kwa meza hiyo hiyo.

Sasa mitindo imegeuka tena. Wasichana wanaopita kwetu kabla ya kupanda magari ya Geita, wanaokwenda kuuza chakula kwa wachimbaji, wanaulizia vifupi. Zile jinzi pana hakuna anayezigusa hata kwa bei ya kutupa. Ungewaona, ungewauliza kama wanajua kukimbia. Na mimi nimechoka kusikia kwamba adabu inapimwa kwa urefu wa nguo. Waliotaka kukuchukua wewe pamoja na meza walivaa makoti siku ile, wamejifunika vizuri kabisa. Nina hasira nao, Mama, na sitaki ipoe.

Basi nikainuka jamvini, nikaliokota. Shangazi akaniuliza mbele ya watu, "Wewe Kabula, hilo utalivaa wapi?" Nikasema sokoni. Baba Mdogo akakohoa, akaanza habari za meza, kwamba msichana peke yake hataiweza, afadhali aishike yeye. Nikamwambia naifungua mwenyewe kesho asubuhi. Shangazi akanitazama toka juu mpaka chini.

"Utakuwa kama mama yako."

"Asante, Shangazi," nikamjibu.

Nimelijaribu chumbani kwako kabla ya kushika kalamu. Vifungo vyote vinafunga. Nimelia kidogo, kisha nimelipiga pasi, na sasa limetundikwa mlangoni. Pumzika, Mama, na usihangaike na pindo. Likigoma kushuka, nitaliacha.

Binti yako, mwenye meza,
Kabula