Krimu ya Halvard Haikuwa na Kosa

Ragnhild mwanangu,

Mpe Sunniva maji kidogo kidogo, asilazimishwe kula. Keki yote ya sikukuu ya taifa itupwe, hata kipande alichoficha baba yake.

Asubuhi nimemtukana Halvard dukani kwake, mbele ya foleni nzima. "Krimu yako imemtapisha mjukuu wangu! Babako alivunja mgomo wetu, nawe leo unatulisha uozo!" Akajibu tu, "Pole, mama. Mtoto anaendeleaje?"

Niliporudi nyumbani, daktari akaniuliza kwenye simu nani aliyepiga krimu hadi ikaumuka. Ni mimi, nikiwa na kidole hiki kilichotunga usaha. Kumbe bakteria wa majipu ndio hao hao wanaotapisha watu: wakiingia kwenye krimu, na keki ikashinda mezani huku sisi tukishangilia gwaride la watoto la sikukuu, wanaacha sumu. Wewe ulinionya, "Mama, funga hicho kidole." Nikakuita bwanyenye.

~~Nitampigia Halvard simu.~~ Hapana. Nilimtukana mbele ya watu, na radhi nitamwomba mbele ya watu. Kipaza sauti cha migomo nimekichukua, msikitafute.

Bibi yake Sunniva
(kidole nimekifunga)